Kinanda Kimoja, Programu Nyingi: Matumizi ya Pamoja ya Kifaa cha MIDI katika Kompyuta za Kwaya na Studio Ndogo za Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kifaa kimoja cha MIDI, hususan kinanda, kinavyoweza kutumiwa kwa wakati mmoja na programu mbili au zaidi za muziki katika kompyuta moja. Mazingira yanayozingatiwa ni ya kwaya za makanisa na studio ndogo za wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, ambako mara nyingi kazi yote hutegemea kinanda kimoja na kompyuta moja. Hoja kuu ni kwamba programu ya pili inapokosa kupokea kinanda, sababu si uhaba wa vifaa wala udhaifu wa MIDI yenyewe, bali ni namna mfumo endeshi wa kompyuta unavyofungua mlango wa kifaa. Kwa hiyo, ufumbuzi hutokana na mpangilio na si ununuzi. Makala yanaeleza asili ya tatizo, njia za kulitatua katika mifumo endeshi mitatu, kasoro zinazojitokeza baada ya utatuzi, na mipaka ya teknolojia hii kwa muziki wa eneo husika.

1.0 Utangulizi

Mji wa Karatu uko kwenye barabara itokayo Arusha kuelekea Ngorongoro, takriban kilomita 140 kutoka jijini Arusha. Wakazi wengi wa wilaya ya Karatu ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Katika bonde la Ziwa Eyasi wanaishi pia Wahadzabe na Wadatoga, na ng'ambo ya lango la hifadhi, nyanda za Ngorongoro ni makazi ya Wamaasai. Muziki wa jamii hizi hutegemea zaidi sauti ya binadamu. Kinanda cha umeme kiliingia kupitia njia nyingine, yaani kwaya za parokia za Jimbo Katoliki la Mbulu, sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na makanisa mengine, na baadaye studio ndogo za kurekodi nyimbo.

Katika mazingira hayo, kinanda hubeba majukumu mengi. Ndicho kinachoongoza ibada ya Jumapili, kinachofundishia sauti nne katika mazoezi ya kwaya, na kinachounganishwa na kompyuta wimbo mpya unapotungwa. Chukuliwe mfano wa mwalimu wa kwaya aliyetunga wimbo wa Pasaka. Anahitaji mambo mawili kutokana na upigaji wake: kwanza, rekodi ambayo waimbaji wataisikiliza wakijifunza, pili, nota zilizoandikwa ambazo mpiga kinanda mwingine ataweza kuzisoma. Anafungua programu ya kurekodi, nayo inapokea kinanda bila tatizo. Kisha anafungua programu ya kuandika nota. Hii ya pili ama inakaa kimya, ama inatoa taarifa kwamba kifaa kinatumiwa na programu nyingine.

Matokeo ya hali hiyo huwa ni mojawapo ya matatu. Mwalimu anaweza kupiga wimbo mara mbili, na nota zikatofautiana na rekodi. Anaweza kudhani kwamba kinanda kimeharibika au kwamba anahitaji cha pili, na kwaya ikaanza kuchangishana fedha kwa kitu kisichohitajika. Au anaweza kuacha kuandika nota na kubaki na rekodi peke yake. Tokeo hili la tatu ndilo zito zaidi. Wimbo usioandikwa hubaki katika vidole vya mtu mmoja. Akihamishwa kikazi au akifariki dunia, kwaya hubaki na maneno na sauti za waimbaji, lakini hukosa ufuatishaji wa kinanda uliouunganisha wimbo. Kwa sababu hiyo, suala linaloonekana kuwa dogo la kiufundi lina uhusiano wa moja kwa moja na uhifadhi wa kazi za watunzi wa eneo hili.

2.0 MIDI na Ujumbe Wake

MIDI ni utaratibu wa mawasiliano baina ya vyombo vya muziki vya kielektroniki. Ulioneshwa hadharani mwezi Januari 1983 nchini Marekani, pale ambapo vinanda vya kampuni mbili shindani, Sequential Circuits na Roland, viliunganishwa kwa waya na kimoja kikakiongoza kingine. Toleo lake rasmi la kwanza lilichapishwa mwaka huohuo. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliotoa mchango mkubwa katika kuuasisi, walitunukiwa Tuzo ya Grammy ya Ufundi mwaka 2013.

Jambo la msingi la kuelewa ni kwamba MIDI haibebi sauti. Waya unaotoka kwenye kinanda kuingia kwenye kompyuta hubeba maagizo tu. Mpigaji anapobonyeza kitufe, kinanda hutuma ujumbe wenye baiti tatu. Baiti ya kwanza hueleza aina ya ujumbe na chaneli, miongoni mwa chaneli 16 zilizopo. Ya pili hutaja namba ya kitufe, kati ya 0 na 127, ambapo C ya kati ina namba 60. Ya tatu hueleza kitufe kilibonyezwa kwa nguvu kiasi gani, nayo pia ni kati ya 0 na 127. Mpigaji anapoinua kidole, ujumbe mwingine wa kuachia hutumwa. Sauti yenyewe hutengenezwa na chombo au programu inayopokea ujumbe huo.

Ukubwa wa jumbe hizi ni mdogo mno. Katika waya wa asili wa MIDI, mwendo ni biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti huchukua biti 10 pamoja na zile za kuanzia na kumalizia. Hivyo, ujumbe wa baiti tatu hupita kwa muda unaokaribia milisekunde moja. Kwa kompyuta yoyote ya leo, kunakili ujumbe wa namna hiyo na kuupeleka kwa programu mbili, tatu au kumi si mzigo. Dhana kwamba kompyuta "imezidiwa" pale programu ya pili inapokosa kinanda haina msingi.

Aidha, waasisi wa MIDI walikwisha kuliona hitaji la kugawana. Vyombo vingi vya awali vilikuwa na matundu matatu: la kuingiza, la kutoa, na la kupitisha. Tundu la kupitisha lilinakili kila kilichoingia na kukipeleka kwenye chombo kilichofuata, na hivyo kinanda kimoja kiliweza kuongoza vyombo kadhaa vilivyounganishwa kwa mfuatano. Ugawanaji ulikuwapo tangu mwanzo. Ulipotea pale chombo cha kupokea kilipogeuka kuwa programu ndani ya kompyuta.

3.0 Sababu ya Mlango Kufungwa

Programu ya muziki haizungumzi na kinanda moja kwa moja. Kati yake na kinanda kuna kiendeshi, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kukitambua kifaa. Kiendeshi huonesha mlango, na programu inayotaka kupokea jumbe huomba kufunguliwa mlango huo.

Katika Windows, utaratibu wa zamani wa MIDI ambao programu nyingi bado zinautumia ulibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chini ya utaratibu huo, viendeshi vingi huruhusu mlango wa kuingizia ufunguliwe na programu moja tu kwa wakati mmoja. Programu inayotangulia huushika mlango hadi itakapoufunga au itakapozimwa. Inayofuata hujibiwa kwamba kifaa kimekwisha kutwaliwa. Ugumu huongezeka kwa sababu baadhi ya programu hufungua milango yote zinayoikuta pindi tu zinapowashwa, hata kama mtumiaji hakukusudia kuitumia. Ndiyo maana tatizo huonekana kutokuwa na kanuni: leo programu ya nota inafanya kazi na ya kurekodi inakataa, kesho mambo yanageuka. Kwa hakika kanuni ipo, nayo ni kwamba inayotangulia ndiyo inayomiliki.

Hali hii inaweza kufananishwa na mfereji wa maji. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, katika bonde la Eyasi, humwagilia mashamba kwa maji ya chemchemi yanayopita mferejini. Mkulima mmoja akielekeza mfereji wote shambani mwake, wa chini yake hukosa maji hata kama chemchemi haijakauka. Panahitajika utaratibu wa kugawa. Hata hivyo, mfano huu una tofauti moja inayowapendelea wanamuziki: maji yakigawanywa hupungua, ilhali ujumbe wa MIDI ukinakiliwa haupungui. Kila programu hupata nakala kamili.

4.0 Njia za Kugawana Kifaa

4.1 macOS na Linux

Katika kompyuta za Apple, tatizo hili kwa kawaida halijitokezi. Mfumo wa Core MIDI una huduma inayokaa kati ya viendeshi na programu. Huduma hiyo ndiyo inayopokea jumbe za kinanda na kuzinakilia kila programu iliyojiandikisha. Mfumo huo una pia kiunganishi kiitwacho IAC, kinachowezesha programu moja kuitumia nyingine jumbe bila waya.

Katika Linux, ambayo hupatikana bila malipo na hufanya kazi hata kwenye kompyuta za zamani, ziko njia mbili ndani ya mfumo wa ALSA. Njia ya kwanza hufungua kifaa moja kwa moja, nayo kwa kawaida humilikiwa na programu moja. Njia ya pili, ya mpangaji jumbe, huruhusu wapokeaji wengi kujiunga na chanzo kimoja. Mtumiaji anayekutana na ukinzani katika Linux anapaswa kwanza kuchunguza kama mojawapo ya programu zake imewekwa kutumia njia ya kwanza. Amri iitwayo aconnect huorodhesha vyanzo na wapokeaji na kuviunganisha.

4.2 Windows

Hatua ya kwanza ni kuchunguza kiendeshi. Baadhi ya watengenezaji wa vinanda hutoa viendeshi vyao wenyewe vinavyoruhusu programu zaidi ya moja, na huenda kukiweka kiendeshi hicho kukatosha. Aidha, Microsoft imetengeneza mfumo mpya uitwao Windows MIDI Services kwa ajili ya Windows 11, ambao lengo lake mojawapo ni kuruhusu programu nyingi kutumia kifaa kimoja. Hata hivyo, kompyuta nyingi zinazotumika zina matoleo ya zamani, na kwa hizo njia ya kutegemewa ni kuweka kigawaji.

Kigawaji ni programu inayokimiliki kinanda peke yake kisha kuzinakilia programu nyingine jumbe kupitia milango pepe, yaani milango isiyo na tundu wala waya, iliyomo ndani ya kompyuta tu. Programu mbili hutumika pamoja kwa kazi hii: loopMIDI, iliyotengenezwa na Tobias Erichsen, ambayo huunda milango pepe, na MIDI-OX, ambayo huelekeza jumbe kutoka mlango mmoja kwenda mingine. Zote mbili hupatikana bila malipo kwa matumizi yasiyo ya kibiashara; studio inayotoza wateja inapaswa kusoma masharti ya leseni kabla ya kuzitumia. Utaratibu wake ni kama ufuatao:

(i) Katika loopMIDI, iundwe milango pepe miwili na ipewe majina yanayoeleweka, kwa mfano "Kurekodi" na "Nota". Kila programu iwe na mlango wake.

(ii) MIDI-OX ifunguliwe kabla ya programu yoyote ya muziki. Kinanda kichaguliwe kuwa chanzo, na milango yote miwili ichaguliwe kuwa mapokeo.

(iii) Programu ya kurekodi ifunguliwe, na katika mipangilio yake kinanda halisi kizimwe na mlango wa "Kurekodi" uwashwe.

(iv) Programu ya kuandika nota ifunguliwe na kuelekezwa kwenye mlango wa "Nota" kwa namna hiyohiyo.

Hatua ya kukizima kinanda halisi ndani ya kila programu ndiyo husahaulika zaidi. Isipotekelezwa, programu inaweza kukinyakua kinanda siku ambayo itafunguliwa kabla ya kigawaji, na tatizo la awali likarudi.

4.3 Njia ya waya mbili

Baadhi ya vinanda vina tundu la USB pamoja na tundu la mviringo la pini tano, lililo la asili ya MIDI. Pale ambapo kinanda hutuma jumbe katika matundu yote mawili, waya wa pili wenye kigeuzi cha USB huifanya kompyuta ione vifaa viwili tofauti. Programu moja hupewa cha kwanza na nyingine cha pili. Njia hii huhitaji gharama ya kigeuzi, lakini haihitaji kigawaji.

5.0 Kasoro Zinazofuata Ugawanaji

Mlango ukishafunguliwa kwa wote, hujitokeza matatizo mapya, ambayo chanzo chake si kukosa jumbe bali ni kuzipata mara nyingi mno.

La kwanza ni sauti kurudiwa. Kinanda hutoa sauti yake, na kila programu nayo hutoa yake, kila moja ikichelewa kidogo. Mpigaji husikia nota moja kama mbili. Kanuni inayofaa ni kuwa na chanzo kimoja cha sauti: programu ya kurekodi itoe sauti, programu ya nota inyamazishwe, na sauti ya ndani ya kinanda izimwe kwa mpangilio unaotenganisha vitufe na sauti. Katika MIDI, agizo hilo ni kidhibiti namba 122.

La pili ni mzunguko. Programu ikipokea ujumbe na kuurudisha kwenye kinanda, nacho kikaupeleka tena kwenye programu, ujumbe huzunguka bila kikomo hadi kompyuta ikwame. Kinga yake ni kuhakikisha kwamba njia ya kwenda na njia ya kurudi hazikutani katika programu ya kuelekeza jumbe.

La tatu ni nota kukwama. Endapo mlango utabadilishwa wakati kidole kingali juu ya kitufe, ujumbe wa kuachia hautafika pale ulipofika ujumbe wa kubonyeza, na nota italia mfululizo. Kidhibiti namba 123, kinachoamuru nota zote zinyamaze, huondoa hali hiyo katika vyombo vinavyokitambua, na programu nyingi zina kitufe cha dharura kinachokituma.

La nne ni ubishani wa mapigo. MIDI hubeba saa yenye mapigo 24 kwa kila nota ya robo. Programu mbili zikituma saa kwa pamoja, mpokeaji hupata mapigo maradufu na mwendo wa wimbo huvurugika. Programu moja tu ndiyo inayopaswa kuwa kiongozi wa mwendo.

La tano ni ucheleweshaji, ambao mara nyingi hulaumiwa kigawaji bila haki. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji hutokana na hifadhi ya muda ya sauti. Hifadhi ya sampuli 512 katika kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 12. Ikipunguzwa hadi sampuli 128, muda hushuka hadi takriban milisekunde 3. Mtumiaji anayehisi kwamba sauti inachelewa aanze hapo.

Mwisho, umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi huendelea kwa betri ilhali kinanda kinachotegemea umeme wa ukutani huzimika. Umeme urejeapo, kigawaji huenda kisikitambue tena kinanda hadi kifunguliwe upya. Ni busara mpangilio wote ukahifadhiwa katika faili, na mfuatano wa kuwasha ukaandikwa kwenye karatasi karibu na kompyuta: kinanda, kigawaji, kisha programu za muziki. Kwaya ambayo mpangilio wake unajulikana na mtu mmoja tu inakuwa imehamisha utegemezi kutoka kwenye vidole vyake hadi kwenye kumbukumbu yake.

6.0 Manufaa na Mipaka kwa Muziki wa Eneo

Ugawanaji ukikamilika, upigaji mmoja huzaa rekodi, nota, na faili la MIDI linaloweza kuhifadhiwa peke yake. Muundo sanifu wa faili hilo umekuwapo tangu mwaka 1988 na husomwa na programu nyingi za aina tofauti. Umuhimu wake ulidhihirika Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ilipotangaza kusitisha uendelezaji wa Finale, programu ya nota iliyotumika kwa zaidi ya miaka 30. Mtunzi mwenye faili la MIDI na nakala ya PDF hafungwi na uhai wa programu moja. Nota zikishaandikwa huweza pia kusafiri. Tovuti ya Swahili Music Notes, kwa mfano, huhifadhi nota za nyimbo za Kikatoliki za watunzi wengi, na kwaya iliyo mbali inaweza kuzipakua na kuziimba.

Hata hivyo, MIDI hurekodi kinanda, hairekodi mwimbaji. Wimbo wa Wamaasai unaoongozwa na olaranyani na kuitikiwa na kundi, au uimbaji wa sauti nyingi wa Wahadzabe, hauna kitufe cha kubonyezwa. Kuuhifadhi kunahitaji maikrofoni na ridhaa ya wenye wimbo. Vilevile, kinanda kimegawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa. Sauti inayopita katikati ya hatua hizo inaweza kukaribiwa kwa agizo la kupinda nota, lenye ngazi 16,384, lakini agizo hilo huathiri chaneli nzima, na programu ya nota kwa kawaida haliandiki. Wimbo wa Kiiraqw uliohamishiwa kwenye kinanda kwa matumizi ya kanisani ni tafsiri ya wimbo huo, na rekodi ya sauti za waimbaji inapaswa kuhifadhiwa sambamba na nota zake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kizuizi cha kutumia kinanda kimoja katika programu nyingi kinatokana na umiliki wa mlango ndani ya mfumo endeshi. Katika macOS na Linux kigawaji kimo ndani ya mfumo. Katika Windows za zamani mtumiaji hulazimika kukiweka mwenyewe. Katika hali zote, kanuni za kuzingatiwa ni nne: mmiliki mmoja wa kinanda, mlango mmoja kwa kila programu, chanzo kimoja cha sauti, na kiongozi mmoja wa mwendo. Inapendekezwa kwamba walimu wa kwaya wanaofundisha upigaji wa kinanda wajumuishe mpangilio huu katika mafunzo yao, na kwamba kabla ya kwaya kuchangishana fedha za kinanda cha pili, ijiridhishe kwamba cha kwanza hakijafungiwa tu nyuma ya mlango ulioshikwa na programu iliyotangulia kufunguliwa.